Siku mbili kwenye nyayo za David Davies wa Llandinam: tathmini ya ziara

Ziara ninayoitathmini hapa ni ya siku mbili, kwa basi dogo la watu kumi na wawili, na inafuata maisha ya David Davies wa Llandinam, Mwelisi wa karne ya kumi na tisa aliyeanza kama mpasua mbao, akawa mkandarasi wa reli, kisha mmiliki wa migodi ya makaa ya mawe, mbunge, na hatimaye mmoja wa waasisi wa bandari ya Barry, kusini mwa Welisi. Nililipa pauni 185 bila malazi, na kiasi hicho kilijumuisha kiongozi, chakula cha mchana cha siku zote mbili na tiketi moja ya treni. Niseme mapema kwamba siku ya kwanza imepangwa kwa ustadi ambao sijauona katika ziara nyingi za historia, na kwamba siku ya pili inaharakisha kupita mahali palepale ambapo utajiri wote wa mtu huyu ulichimbwa. Kwa sababu hiyo naisifu na kuilalamikia kwa wakati mmoja, na nitaeleza kwa urefu kwa nini.

Tulikutana saa tatu asubuhi kando ya daraja la chuma la Llandinam, katika kaunti ya Powys, eneo ambalo enzi za Davies liliitwa Montgomeryshire. Daraja hilo linavuka Mto Severn kwa upinde mmoja. Lilijengwa mwaka 1846 kwa mchoro wa Thomas Penson, msimamizi wa kazi za ujenzi za kaunti, na vyuma vyake vilisubiwa Hawarden, kaskazini-mashariki ya Welisi. Kazi ya Davies, aliyekuwa kijana wa miaka 27, ilikuwa kujenga misingi ya mawe na tuta la barabara pande zote mbili. Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa historia ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiwelisi, hakutuanzishia hotuba. Alituteremsha hadi ukingoni mwa mto, akatuambia tuweke viganja kwenye mawe na tutazame jinsi yalivyokaa. Nilitazama. Kila jiwe limechongwa kulifuata la jirani yake, na pale ambapo maji hupanda wakati wa mafuriko mistari ya viungo ni myembamba kuliko kule juu. Ndipo alipotuambia kwamba kabla ya kazi hii Davies alikuwa mkulima na mpasua mbao tu, na kwamba mafanikio ya daraja ndiyo yaliyomfungulia mlango wa ukandarasi.

Utangulizi wa namna hiyo ni wa mtu anayeijua kazi yake, kwa maana wasifu wa matajiri huanza mara nyingi na fedha, ilhali huu ulianza na mkono. Davies alizaliwa tarehe 18 Desemba 1818 katika shamba la Draintewion, juu kidogo ya kijiji, akiwa mtoto wa kwanza kati ya tisa, akaacha shule akiwa na miaka 11 ili amsaidie baba yake shambani na kwenye msumeno. Aliyewahi kuona watu wawili wakipasua gogo juu ya shimo hahitaji maelezo marefu: wa juu ndiye anayeuongoza msumeno ufuate mstari, na wa chini huvuta huku unga wa mbao ukimwagikia usoni. Davies alikuwa wa juu, na jina la utani la mpasuaji wa juu likamganda maisha yake yote, hata alipokuwa bungeni. Kiongozi alilirudia jina hilo mara kadhaa katika siku zile mbili, na kila aliporudia lilikuwa na uzito mpya.

Hatua chache kutoka darajani, kando ya barabara, pamesimama sanamu ya shaba ya Davies iliyofinyangwa na Alfred Gilbert, mchongaji yuleyule wa sanamu maarufu ya Piccadilly Circus jijini London. Davies ameinamisha kichwa, anausoma mchoro alioukunjua mikononi. Mchoro huo ni wa bandari ya Barry, na nakala ya sanamu hiyohiyo iko Barry kwenyewe, mbele ya ofisi za bandari. Waandaaji wameutumia upacha huo kwa akili: tunaondoka kwenye sanamu ya kwanza bila kuambiwa mchoro ule ni wa nini, na jibu tunalipata kesho yake alasiri, tukiwa mbele ya sanamu ya pili.

Kutoka Llandinam basi lilitufikisha Caersws, na hapo tukapanda treni ya abiria wa kawaida kuelekea Machynlleth, huku dereva akitangulia kwa barabara. Safari ni ya takriban nusu saa. Kama mtu angeniuliza ni sehemu gani ya ziara ninayoweza kuilipia tena peke yake, ningemtajia nusu saa hiyo. Reli hii, iliyofunguliwa Januari 1863, ililazimika kuupita mlima wa Talerddig, na Davies akaukata mwamba wake wazi hadi kina cha karibu mita 37. Ulipokamilika, hapakuwa na mkato wa reli wenye kina kama huo popote duniani. Kiongozi alikuwa ametuomba tuache kuzungumza tutakapokaribia. Mwanga ndani ya behewa ulififia ghafla, ukuta wa mwamba ukasogea karibu na dirisha kiasi kwamba niliweza kuona maji yakichuruzika kwenye nyufa na majani mabichi yaliyoota ndani yake, na mngurumo wa magurudumu ukarudi kwetu kutoka pande zote mbili. Halafu bonde likafunguka upande wa pili na mwanga ukarudi. Baada ya hapo tu ndipo alipotueleza kwamba mawe yaliyotolewa pale hayakutupwa. Yalitumika kujenga madaraja ya reli hiyohiyo. Ninapenda sana maelezo yanayokuja baada ya jicho kushuhudia.

Tulipokuwa tukila mchana Machynlleth, supu nzito ya nyama ya kondoo na viazi ambayo Wawelisi huiita cawl, alituchorea kwenye karatasi mtandao wa reli za Davies: Bonde la Clwyd, Llanidloes hadi Newtown, Pembroke hadi Tenby, na ile iliyofika Aberystwyth mwaka 1867. Alitueleza pia jambo ambalo vitabu vya watoto hulipita, kwamba makandarasi wa enzi hizo walilipwa mara nyingi kwa hisa za reli yenyewe badala ya fedha taslimu. Hivyo aliyejenga upesi mno alibaki na makaratasi mkononi na wafanyakazi wanaodai mishahara. Thomas Savin, aliyekuwa mshirika wa Davies hadi walipoachana mwaka 1860, alifilisika mwaka 1866 kwa mzigo wa namna hiyo. Davies aliponea chupuchupu mwaka huohuo, kwa sababu nyingine, na kwa sababu hiyo tulikuwa tunaelekea kusini.

Kabla sijafika huko, niseme kuhusu vifaa. Kila mgeni alipewa kisikilizio cha kuvaa sikioni ili amsikie kiongozi hata akiwa mbali. Changu kilikatika sauti mara tatu siku ya kwanza, na cha mzee mmoja tuliyekuwa naye hakikufanya kazi kabisa hadi jioni. Kampuni iliombwa kibadala, ikaahidi kukileta asubuhi, na asubuhi hakikuja. Kwa ziara ambayo nguvu yake yote iko kwenye maneno ya mtu mmoja, hilo si jambo dogo. Kiongozi mwenyewe aliokoa hali kwa kumweka mzee yule ubavuni pake siku nzima ya pili na kuzungumza kwa sauti ya darasani.

Siku ya pili tuliondoka mapema na kuvuka milima ya Bannau Brycheiniog hadi bonde la Rhondda. Ndani ya basi, kwa muda wa dakika kumi hivi, tulielezwa maisha ya kisiasa ya Davies, na hapa nina lawama ya kwanza. Mtu huyu aliwania ubunge wa Cardiganshire, kaunti ulipo mji wa Aberystwyth, mwaka 1865 akashindwa, akaingia bungeni mwaka 1874 kwa tiketi ya chama cha Kiliberali bila kupingwa, akatetea nafasi yake kwa zaidi ya miaka kumi, kisha mwaka 1886 akapishana na kiongozi wa chama chake, Gladstone, kuhusu Ayalandi kupewa serikali yake ya ndani. Alipowarudia wapiga kura mwaka huohuo alishindwa kwa kura tisa. Kura tisa! Mtu aliyefadhili chuo cha Aberystwyth tangu kilipokuwa kichanga na kuwa mweka hazina wake, aliyewaletea reli, Mmethodisti wa Kikalvini aliyeiheshimu Jumapili na asiyegusa pombe, yaani mtu wa kanisa lao na wa lugha yao, alikataliwa na watu wa jimbo lake kwa sababu waliona amekiacha chama. Kisa hicho kinaeleza siasa za Welisi za wakati ule kuliko kitu kingine chochote katika ziara, na kilisimuliwa huku nusu ya abiria wakisinzia na vioo vikiwa na ukungu. Kama Aberystwyth ni mbali mno kwa ratiba, basi kisa hiki kingesimuliwa Machynlleth, mezani, ambako tulikuwa macho na tulikuwa na saa nzima.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1864 Davies alikodi ardhi ya makaa katika Rhondda ya juu kutoka kwa Crawshay Bailey, akaanza kuchimba mashimo mawili, Parc na Maindy. Miezi kumi na tano ikapita bila kufikia tabaka la makaa alilolitafuta, na fedha zikaisha. Kiongozi alitusimamisha Ton Pentre, mahali palipokuwa karibu na shimo la Maindy, akasimulia kisa ambacho kila mtoto wa bonde lile hukijua: Davies aliwaita wachimbaji akawaambia hana tena cha kuwalipa ila sarafu moja ya nusu-krauni, yaani shilingi mbili na peni sita, iliyobaki mfukoni, sauti kutoka kwenye umati ikasema kwamba hata hiyo wataichukua, naye akawarushia. Wakakubali kufanya kazi wiki nyingine moja bila malipo. Machi 1866, kabla wiki hiyo haijaisha, walilifikia tabaka kwenye kina cha karibu mita 200.

Kiongozi alisimulia vizuri, na wageni walipiga makofi. Mimi nilibaki nikimfikiria mtu aliyeidaka ile sarafu. Kisa hiki husimuliwa siku zote kama ushahidi wa ushupavu wa Davies, na ushupavu ulikuwepo, sibishi. Lakini ukikisikiliza kwa makini, waliowekeza katika wiki ile ya mwisho walikuwa wachimbaji. Davies alikuwa tayari ameishiwa. Wao ndio walioweka mtaji uliobaki, ambao ni jasho la siku sita chini ya ardhi, na watoto nyumbani wakisubiri. Makaa yaliyopatikana yalikuwa ya aina ya pekee ya kusini mwa Welisi, yanayowaka kwa moto mkali na moshi mchache, ambayo manowari za Uingereza ziliyachagua kuliko mengine na ambayo yalirundikwa katika vituo vya meli hadi Aden. Kutokana na mashimo hayo ikakua kampuni ya Ocean, iliyosajiliwa rasmi kwa jina hilo mwaka 1887, ikiwa na migodi ya Dare, Western, Eastern, Garw na Lady Windsor. Hili lote lilipewa dakika ishirini na tano, kwenye maegesho ya magari.

Halafu tukaingia basini, tukapita Treorchy, na kiongozi akanyoosha kidole kwenye jengo kubwa la mawe upande wa kushoto, akasema kwamba lile ni Parc and Dare, ukumbi wa wachimbaji. Basi halikusimama. Niliuliza kama tunaweza kushuka kwa dakika tano, na dereva akajibu kwa upole kwamba ratiba hairuhusu kwa kuwa tumepangiwa saa mahsusi Barry. Jengo hilo lina jina la migodi miwili ya Davies kwa sababu lilijengwa na wachimbaji wa migodi hiyo, waliojikata peni moja katika kila pauni ya mshahara ili wapate maktaba, vyumba vya kusomea, na kuanzia mwaka 1913 ukumbi wa maonyesho ambao bado upo. Fikiria mfuatano huo: asubuhi unasikia kuhusu sarafu iliyorushwa kwa wachimbaji, na mwendo wa dakika chache mbele unaona walichofanya wachimbaji kwa sarafu zao wenyewe. Hakuna mwandishi wa wasifu ambaye angeweza kubuni sura nzuri zaidi ya hiyo, nayo iko tayari, njiani, na ziara inaipita kwa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa. Nililisema hilo kwenye fomu ya maoni, na ninalirudia hapa kwa sababu ninaijali ziara hii na ninaamini inaweza kurekebishika kwa nusu saa tu.

Barry yenyewe ilirudisha ubora wa siku ya kwanza. Makaa ya Rhondda yalikuwa yakishuka hadi Cardiff kwa reli ya Taff Vale, na mabehewa yalikuwa yakikwama kwa foleni ndefu kwa sababu bandari ya Cardiff ilikuwa imeelemewa. Badala ya kuendelea kulalamika, wamiliki wa migodi, Davies akiwa mstari wa mbele, walikwenda bungeni kuomba kibali cha kujenga bandari na reli yao wenyewe. Muswada wa mwaka 1883 ulipita katika Baraza la Makabwela ukakataliwa na Baraza la Mabwanyenye. Wakarudi mwaka uliofuata wakashinda. Ujenzi ulianza Novemba 1884 na bandari ikafunguliwa tarehe 18 Julai 1889. Kilichokuwa kijiji cha nyumba za kuhesabika kikawa mji wa watu zaidi ya 27,000 kufikia mwaka 1901, na mwaka 1913 zaidi ya tani milioni 11 za makaa zilipakiwa hapo, kiasi ambacho hakuna bandari nyingine ya makaa duniani iliyokifikia mwaka huo. Tulisimama mbele ya sanamu ya pili, Davies akiusoma mchoro uleule, na nyuma yake jengo refu la matofali mekundu lenye mnara wa saa. Mzee wa kisikilizio kibovu alicheka kwa furaha alipoelewa alichokuwa akikitazama jana. Davies aliiona bandari ikifanya kazi kwa mwaka mmoja tu, kwa kuwa alifariki tarehe 20 Julai 1890, akazikwa Llandinam.

Ziara inamalizikia Cardiff, katika Jumba la Makumbusho la Taifa, mbele ya picha za Monet, Van Gogh na yule mwanamke wa Renoir aliyevaa buluu, ambazo wajukuu wawili wa Davies, Gwendoline na Margaret, walizinunua kwa urithi wa makaa na kuliachia taifa, kazi 260 kwa jumla. Ni picha nzuri mno na kuziona ni bure kwa kila mtu. Muda tuliopewa ulitosha. Ningependa tu kwamba mtu anayefika mbele ya gauni lile la buluu awe amepita kwanza Treorchy kwa miguu.

Kwa anayetaka kwenda: chagua miezi ya Mei hadi Septemba, kwa kuwa ukingo wa mto Llandinam huteleza vibaya mvua ikinyesha, vaa viatu vyenye nyayo za kushika ardhi, beba koti la mvua hata kama asubuhi ni angavu. Omba kisikilizio kijaribiwe kabla basi halijaondoka. Wasiojua Kiingereza vizuri hawatapata tafsiri, ila kiongozi huzungumza polepole na hurudia akiombwa. Kiti cha upande wa kulia ndani ya treni kilinipa mandhari nzuri zaidi Talerddig, ingawa ukuta wa mwamba unaonekana pande zote. Naipa ziara hii nyota nne kati ya tano, na nyota moja niliyoizuia ni ya Rhondda.

Siku ya tatu, kwa gharama yangu, nilipanda treni kutoka Cardiff hadi Treorchy. Parc and Dare liko Station Road, mwendo mfupi kutoka kituoni. Nilisimama nje kwa muda mrefu kabla ya kuingia, nikiyatazama mawe ya ukuta kama nilivyofundishwa kule mtoni.